Jinsi programu huria zinavyoanika hesabu zinazoamua tiba ipi igharamiwe

MNAMO Septemba 13, 2019, watoto wa Kaunti ya Homa Bay walianza kudungwa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Kwa hatua hiyo Kenya ilijiunga na Malawi na Ghana, mataifa mawili yaliyokuwa yameanza mapema mwaka huo kuijaribu chanjo hiyo kupitia kliniki za kawaida za serikali.

Kilichoonekana hadharani ni sindano na wauguzi. Kisichoonekana ni hesabu ndefu iliyofanywa miaka kadhaa kabla, ndani ya tarakilishi, ili kujibu swali moja: je, chanjo hii inastahili fedha zitakazotumika kuinunua?

Swali hilo huwachukiza wengi, kwani linafanana na kuupa uhai wa mtoto bei. Hata hivyo, halikwepeki. Fedha zinazonunua chanjo ndizo zingenunua vyandarua, dawa za kifua kikuu au kulipa mishahara ya wakunga. Anayekataa kuhesabu huwa ameamua pia, ila ameamua gizani.

Taaluma inayoshughulikia hesabu hizi ni uchumi wa afya, na chombo chake kikuu ni modeli, yaani kielelezo cha hesabu kinachoiga maisha ya watu wengi kwa miaka mingi ijayo. Kwa muda mrefu modeli hizo zilifungiwa ndani ya faili ambazo ni wachache walioruhusiwa kuzifungua. Sasa zinaandikwa, polepole, kwa programu huria: zile ambazo yeyote anaweza kuzipakua bila malipo, kuzisoma mstari kwa mstari, kuzirekebisha na kuwapa wengine.

Chanjo ya malaria inaonyesha kwa nini modeli huhitajika. Majaribio makubwa ya RTS,S yalifanyika kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya mataifa saba ya Afrika, vikiwemo Kilifi, Siaya na Kombewa nchini Kenya, na Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania. Watoto 15,459 walihusishwa. Miongoni mwa walioanza wakiwa na umri wa miezi mitano hadi 17 na kupata dozi zote nne, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa takriban miaka minne. Walioikosa dozi ya nne walipata kinga ya asilimia 28.

Majaribio hayo yalikuwa ya hali ya juu, lakini serikali hazipangi mambo kwa miaka minne wala kwa vituo 11. Zilihitaji kujua kitakachotokea kwa miaka 15, katika wilaya ambazo malaria ni tele na katika zile ambazo ni haba, na kwa bei ambayo ilikuwa bado haijatangazwa. Hakuna majaribio yanayoweza kujibu hayo yote. Ni modeli tu.

Vikundi vinne vya watafiti vilipewa kazi hiyo, kila kimoja kikitumia modeli yake, kisha matokeo yakalinganishwa na kuchapishwa katika jarida la kitabibu la The Lancet. Walikadiria kwamba iwapo dozi moja ingeuzwa kwa dola 5 za Marekani, dozi nne zingegharimu kama dola 87 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya utakaookolewa. Lakini hawakuishia hapo. Walisema pia kwamba jibu lingeweza kuwa chini hadi dola 48 au juu hadi dola 244, ikitegemea modeli iliyotumika na wingi wa malaria mahali husika.

Upana huo si dalili ya uzembe. Modeli nne za kweli zilizojengwa na watu wanne tofauti haziwezi kutoa jibu moja, na mtaalamu anayeleta tarakimu moja tu bila upana wake anastahili kuulizwa maswali zaidi. Mojawapo ya modeli hizo nne, OpenMalaria ya Taasisi ya Tropiki na Afya ya Umma ya Uswisi, ni programu huria. Anayetaka kujua jinsi inavyokadiria kufifia kwa kinga ya mtoto baada ya miezi mingi anaweza kwenda kuusoma mstari wenyewe.

Kipimo kilichotumika hapo, mwaka mmoja wa maisha yenye afya unaookolewa, hujulikana kwa jina DALY. Kilibuniwa na Christopher Murray na Alan Lopez na kupata umaarufu kupitia ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka wa 1993. Huunganisha miaka inayopotea mtu anapofariki mapema na ile anayoishi akiwa na ulemavu au maumivu, ili kifo cha mtoto na upofu wa mzee viweze kuwekwa kwenye mizani mmoja. Uingereza hutumia kipimo jamaa kiitwacho QALY. Vyote viwili vina lawama zake, lakini hadi sasa havijapata mrithi.

Modeli yenyewe si jambo la kutisha. Chukulia kijiji cha kubuni chenye watu 1,000, wote wakiwa wazima. Kila mwaka, katika kila wazima 100, kumi huugua ugonjwa fulani na wawili hufariki kwa sababu nyingine. Katika kila wagonjwa 100, 20 hufariki. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza kijiji kitakuwa na wazima 880, wagonjwa 100 na marehemu 20. Mwishoni mwa mwaka wa pili watakuwa wazima 774, wagonjwa 168 na marehemu 58.

Mtindo huu wa kuwahamisha watu kutoka hali moja hadi nyingine hupewa jina la Andrey Markov, mwanahisabati wa Urusi aliyefariki mwaka wa 1922. Ndio unaotumika katika sehemu kubwa ya uchumi wa afya hadi leo.

Sasa iletwe dawa mpya. Inapunguza vifo vya wagonjwa kutoka 20 hadi 10 katika kila 100, na inagharimu Sh5,000 kwa kila mgonjwa kwa mwaka, juu ya Sh30,000 ambazo tayari hutumika kumtunza. Mwaka wa kwanza hakuna anayeokolewa, kwa kuwa wagonjwa ndio wanaanza kupatikana, lakini dawa inakuwa imekwisha kula Sh500,000. Mwaka wa pili watu kumi wanaepushwa na kifo, na wagonjwa wanakuwa 178 badala ya 168. Gharama ya mwaka huo inapanda kwa Sh1.19 milioni, ambapo Sh890,000 ni bei ya dawa na Sh300,000 ni matunzo ya wale kumi ambao, kama si dawa, wangekuwa kaburini.

Hapa pana jambo ambalo wanasiasa wengi hulisahau wanapoahidi kwamba tiba bora itapunguza matumizi. Dawa inayookoa maisha aghalabu huongeza gharama, maadamu aliyeokoka huendelea kutibiwa.

Hesabu ikisimamishwa mwaka huo wa pili, dawa itaonekana ghali mno: takriban Sh169,000 kwa kila mmoja wa wale kumi. Lakini watu hao hawafariki siku hesabu inapofungwa. Wakifuatwa kwa miaka kumi au 20, miaka ya uhai inajilimbikiza na bei ya kila mwaka mmoja inashuka. Hivyo basi, anayeamua modeli iendeshwe kwa miaka mingapi ameamua kwa kiasi kikubwa jibu litakuwa lipi.

Uamuzi mwingine wa namna hiyo ni kiwango cha punguzo. Wanauchumi hushikilia kwamba manufaa ya leo yana uzito kuliko ya kesho, kwa hiyo huyapunguza ya kesho kwa asilimia fulani kila mwaka. Uingereza hutumia asilimia 3.5. Kwa kiwango hicho, mwaka wa uhai utakaopatikana miaka 20 ijayo huhesabiwa kama nusu tu ya mwaka wa leo. Chanjo, ambayo hugharimu sasa na kufaidi baadaye, huumizwa sana na kiwango hiki, ilhali dawa ya kutuliza maumivu haiguswi. Ni tarakimu moja ndogo, na inaweza kufichika popote.

Kwa miongo mingi imefichika ndani ya majedwali ya Excel. Programu hiyo ya kampuni ya Microsoft imekuwa karatasi na kalamu ya wanauchumi wa afya ulimwenguni kote, na si bila sababu. Iko katika karibu kila ofisi, haihitaji kujifunza lugha yoyote, na mtu anaweza kuyaona matokeo yakibadilika mbele ya macho yake.

Tatizo ni kwamba kanuni zake hujificha nyuma ya visanduku. Jedwali lenye kurasa 30 na maelfu ya visanduku haliwezi kusomwa kama barua, kutoka juu hadi chini. Mkaguzi hulazimika kubonyeza kisanduku baada ya kisanduku akifuata uzi, na kosa la kunakili safu moja pungufu hupita bila kelele.

Kuna na ufinyu wa Excel wenyewe. Mwaka wa 2020, janga la Covid-19 likiwa limechacha, shirika la afya ya umma la Uingereza liligundua kwamba visa 15,841 vya walioambukizwa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 havikuwa vimeingizwa katika takwimu za kila siku. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishiwa kwenye faili za muundo wa zamani wa Excel, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Ilipojaa, ya ziada iliachwa nje. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamejulishwa, lakini waliotangamana nao walichelewa kutafutwa.

Lakini kisa kinachofafanua vyema zaidi uzito wa suala hili hakihusu kosa la hesabu hata kidogo. Kinahusu kufuli.

Uingereza ina taasisi iitwayo NICE, iliyoundwa mwaka wa 1999, ambayo hushauri huduma ya afya ya umma kuhusu dawa zinazostahili kulipiwa. Mnamo 2006 taasisi hiyo ilipendekeza kwamba dawa ya donepezil, inayopunguza makali ya ugonjwa wa Alzheimer, itolewe kwa wagonjwa waliofikia hatua ya kati pekee. Wale ambao ndio kwanza walikuwa wameanza kusahau majina ya wajukuu wao hawangeipata kwa gharama ya serikali. Modeli ilikuwa imeonyesha kwamba kwao haikuwa na thamani ya kutosha.

Eisai, kampuni ya Kijapani inayotengeneza dawa hiyo, iliomba modeli hiyo ili iipime. NICE iliitumia faili ya Excel iliyofungwa: tarakimu zilionekana, lakini hakuna kilichoweza kubadilishwa wala kuendeshwa upya. Mwenye kuuliza, "Je, kiwango hiki kikiwa tofauti?" hakuwa na namna ya kupata jibu.

Kampuni ilienda kortini. Mahakama Kuu haikuikubalia hoja hiyo mnamo 2007, lakini Mei 2008 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba haki katika utaratibu wa kuamua ilidai nakala kamili, inayoweza kuendeshwa, itolewe. Kwa maneno mengine, kuonyeshwa jibu si sawa na kuonyeshwa hesabu.

Ni kinaya kwamba aliyepigania uwazi huo alikuwa mtengenezaji wa dawa mwenye faida yake moyoni, wala si chama cha wagonjwa. Wala haitakuwa haki kudai kwamba hukumu hiyo pekee ndiyo iliyobadilisha mambo. Mnamo 2011, baada ya ushahidi mpya na modeli mpya, NICE iliruhusu dawa hiyo kwa wagonjwa wa hatua ya awali pia. Hata hivyo, kanuni ilikuwa imewekwa.

Katika miaka hiyohiyo chombo kingine kilikuwa kinakomaa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland nchini New Zealand walitunga lugha ya kuandikia programu za takwimu na kuiita R, herufi inayoanza majina yao wote wawili. Mnamo 1995 waliitoa chini ya leseni huria ya GNU, na toleo kamili la kwanza likatoka Februari 29, 2000.

Leseni hiyo ndiyo kiini cha mambo. Haisemi tu kwamba programu ni bure. Inasema kwamba atakayeiboresha na kuisambaza hawezi kuwafungia wengine maboresho hayo. Bure na huria si kitu kimoja: kampuni inaweza kukupa programu bila malipo na bado ikakataa kukuonyesha ndani yake.

Tangu hapo watu wa kila taaluma wamechangia vifurushi vya R, na hazina yake kuu ina zaidi ya 20,000. Wanauchumi wa afya wana vyao. Kipo heemod, kilichotengenezewa modeli za Markov kama ile ya kijiji hapo juu. Kipo hesim, kwa modeli nzito zaidi zinazomfuata mtu mmojammoja. Kipo BCEA cha Gianluca Baio wa chuo cha University College London, kinachochora na kufafanua matokeo ya gharama na manufaa. Kikundi cha wasomi kijulikanacho kama DARTH nacho hutoa masomo na mifano iliyoandikwa kwa R bila malipo.

Lugha ya pili inayotumika sana ni Python, iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka wa 1991. Wengi hudhani ilipewa jina la chatu, na hata nembo yake ni nyoka wawili, ila ukweli ni kwamba van Rossum alikuwa mpenzi wa kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python.

Modeli iliyoandikwa kwa lugha hizi inasomeka. Kiwango cha punguzo huandikwa mara moja, mahali pamoja, kwa jina lake, na kila sehemu ya hesabu hukirejelea hapo. Anayetaka asilimia 5 badala ya 3.5 hubadilisha mstari mmoja na kuiendesha upya. Mabadiliko yote huweza kuwekwa katika kumbukumbu ya Git, chombo huria kilichobuniwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005, kinachoonyesha ni nani aliyebadilisha nini na siku gani. Jedwali la Excel lililopitia mikono ya watu sita haliwezi kusimulia historia yake hivyo.

Faida nyingine ni kasi. Kwa kuwa hakuna anayejua kwa uhakika kwamba ni wagonjwa 20 hasa wanaofariki katika kila 100, wataalamu huiambia tarakilishi ichague tarakimu kwa bahati nasibu kati ya, mathalani, 15 na 25, na kufanya hivyo kwa kila kadirio lingine. Modeli huendeshwa hivyo mara 10,000, kila mara ikitoa jibu lake. Ikiwa katika mizunguko 9,000 dawa inaonekana kuwa na thamani, mtoa uamuzi anaweza kulala. Ikiwa ni 5,200 tu, basi anajua kwamba anarusha shilingi hewani. Kazi hii huweza kuifanya Excel ihangaike kwa saa kadhaa, ilhali R huimaliza upesi kwenye kipakatalishi cha kawaida.

Uwazi nao una adhabu zake. Machi 16, 2020, watafiti wa Imperial College jijini London wakiongozwa na Neil Ferguson walichapisha ripoti iliyokadiria kwamba Covid-19, ikiachwa ienee bila kuzuiwa, ingewaua watu wapatao 510,000 nchini Uingereza. Ripoti hiyo ilichangia kubadilisha msimamo wa serikali, na wiki moja baadaye nchi ikafungwa.

Dunia ilitaka kuiona modeli hiyo. Ferguson alikiri kwamba alikuwa ameiandika zaidi ya miaka 13 kabla, kwa ajili ya homa ya mafua, na kwamba ilikuwa maelfu ya mistari isiyo na maelezo yoyote. Ilibidi wahandisi wa programu, wakiwemo wa Microsoft, waisafishe kwanza. Ilipotolewa majuma kadhaa baadaye ilishambuliwa vikali na waandishi wa programu walioshangazwa na uchakavu wake, na baadhi wakadai kwamba haikuweza kutoa jibu lilelile mara mbili.

Stephen Eglen wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliichukua, akaiendesha upya, na mwishoni mwa Mei akatangaza kwamba alipata matokeo yaliyowiana na yale ya ripoti. Mjadala mmoja ukawa umekwisha. Ule mwingine, wa iwapo makadirio yaliyolishwa ndani ya modeli yalikuwa sahihi, uliendelea, na programu huria haiwezi kuumaliza. Inachofanya ni kuwaonyesha wanaobishana mahali hasa wanapotofautiana.

Karibu zaidi na nyumbani, nchini Malawi kuna modeli iliyopewa jina la Kichewa, Thanzi la Onse. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuhisi kwamba "onse" ni ndugu ya "wote": jina hilo maana yake ni afya ya wote. Imejengwa kwa Python na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya cha Kamuzu wakishirikiana na vyuo vya Uingereza, na msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa tarakilishi, uko wazi.

Tofauti yake na modeli nyingi ni kwamba haishughulikii ugonjwa mmoja pekee. Ndani yake watu wa kubuni huzaliwa, hukua, huugua malaria, Ukimwi, shinikizo la damu au ajali za barabarani, kisha huamua kwenda zahanati au kubaki nyumbani. Wakifika huenda wakakuta dawa, au rafu tupu. Mhudumu ana dakika zake za kazi kwa siku, na zikiisha, foleni inabaki palepale. Yeyote aliyewahi kungojea kwenye benchi la zahanati ya serikali anajua kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo. Ila modeli zilizobuniwa kwa ajili ya mataifa tajiri huchukulia kwamba dawa iliyoidhinishwa ni dawa iliyopo.

Kenya haiko nyuma kiutafiti. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust na wenzao walichapisha mnamo 2022 modeli ya chanjo ya Covid-19 nchini humu, wakizingatia kwamba Wakenya wengi walikuwa tayari wameambukizwa na kupata kinga. Walikadiria kwamba kuchanja asilimia 30 ya watu wazima, hasa waliozidi umri wa miaka 50, kungepunguza vifo kwa zaidi ya nusu na kuokoa fedha. Kufikia asilimia 50 au 70 kungepunguza vifo zaidi, lakini gharama yake ingepita kipimo walichotumia cha takriban dola 919 kwa kila mwaka wa maisha yenye afya.

Kipimo hicho cha dola 919 ndicho kilichotenganisha "ndiyo" na "la". Kikipandishwa, huenda jibu likageuka, na familia kadhaa zisingekuwa na matanga. Ni haki ya umma kukijadili, na umma hauwezi kujadili kisichoonekana.

Suala hili limepata uzito mpya tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Mfumo huo ulipoanza, matibabu ya saratani yaliwekewa kikomo cha Sh400,000 kwa kila familia kwa mwaka, kukiwa na nyongeza ya Sh150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu.

Kwa nini 400,000, wala si 300,000 au 700,000? Kila kikomo cha aina hiyo ni modeli, hata kama hakikuandikwa popote: kuna kadirio la idadi ya wagonjwa, la bei ya dawa, la miaka watakayoishi, na la watakaoachwa nje. Sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023 ilitoa nafasi kwa jopo la kushauri kuhusu huduma zitakazolipiwa na viwango vyake. Jopo la namna hiyo likiweka hadharani modeli zake kwa lugha ya R au Python, daktari wa saratani huko Eldoret angeweza kuipakua, kubadilisha bei ya dawa anayoijua yeye, na kuwasilisha pingamizi lenye tarakimu badala ya malalamiko.

Vizuizi vipo, na si vya programu. Programu ya bure haimfundishi mtu kuitumia, na miongozo mingi imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Vifurushi hutunzwa na watu wa kujitolea ambao huenda wakahamia kazi nyingine na kukiacha kifurushi kiozee. Rekodi za wagonjwa haziwezi kuanikwa pamoja na modeli, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazikinga, tena kwa haki. Bei ambazo serikali hukubaliana na kampuni za dawa mara nyingi huwa siri ya mkataba, na modeli iliyo wazi yenye bei iliyofichwa ni nyumba ya vioo iliyotundikwa mapazia.

Zaidi ya hayo, kuna tarakimu ambazo hakuna msimbo unaoweza kuzizalisha. Gharama ya kumlaza mtoto mwenye malaria kali kwa siku nne katika hospitali ya Siaya, pamoja na nauli ya mamake na siku zake za kazi zilizopotea sokoni, ina nafasi yake ndani ya modeli, mstari mmoja unaosubiri kujazwa. Wa kuujaza ni karani mwenye daftari wodini, anayemuuliza mama maswali na kuandika majibu yake, na katika hospitali nyingi za kaunti karani huyo bado hajaajiriwa.